Alhamisi Zako Zimekwisha, Dada Perusi

Dada Perusi,

Alhamisi imepita na hukuja.

Nilijua huji. Lakini jioni ilipofika nilimfunga mtoto mgongoni, nikapiga deki sebule, nikayapanga mabenchi ya jirani kama kawaida, halafu nikakaa mbele ya televisheni nikasubiri. Wimbo wenu haukupigwa. Akatokea kijana mwenye tai akasoma bei za mazao mikoani. Nikamsikiliza mpaka mwisho, nikisema moyoni labda akimaliza huyu. Alipomaliza ikaja filamu ya Kihindi. Nikazima, nikayarudisha mabenchi.

Ndiyo maana nakuandikia. Sijui barua ya namna hii inapelekwa wapi. Zamani ulikuwa ukinicheka, ukisema Damari hana mdomo, ana kalamu tu. Basi leo mdomo sina kabisa.

Ngoja nianze mbali kidogo, maana kuna mambo uliyaanza wewe na hukuona yalivyoishia.

Unakumbuka shirika lenu lilipouzwa. Mwenye kulinunua akasema hana haja ya kantini, nanyi wapishi mkarudishwa nyumbani na aproni zenu. Shemeji Yona aliogopa. Mimi, niliyekuwa nimehamia kwenu mtaa wa Kikuyu, hapa Dodoma, kwa sababu ya kazi yangu ya ualimu kule Msalato, niliogopa kuliko yeye. Wewe ukalala kutwa nzima, shuka mpaka kichwani, tukakuacha. Kesho yake ukaamka ukabeba sufuria zako ukaenda kufunga turubai karibu na maofisi, ukaanza kupika. Bunge likiwa linakaa, madereva na makarani walijazana pale, na mimi mpaka leo naamini wengi walifuata maneno yako kuliko wali wako. Ulikuwa unazungumza na chakula. Kitunguu ulikikaripia, "Unaniliza mimi nimekukosea nini?" Maharage yakichelewa kuiva uliyauliza kama yanasubiri kadi ya mwaliko. Upepo wa Dodoma uliwamwagia watu vumbi kwenye sahani, nao walikula wakicheka.

Karani mmoja ndiye aliyekuletea habari. Vituo vya televisheni vya watu binafsi ndiyo vilikuwa vimeanza kuota, na kimoja cha Dar es Salaam kilikuwa kinatafuta mtu wa kuendesha kipindi cha mapishi. Hawakutaka kumteua mtu ofisini. Walitaka wapishi washindane mbele ya kamera, nchi nzima ikiona, kila wiki atoke mmoja, mpaka abaki wa mwisho ambaye kipindi kitakuwa chake. Mashindano wakayaita Nani Ashike Mwiko. Karani alikuambia kwa utani. Wewe uliacha kukoroga.

Jioni ile ulituambia mezani, mimi na Shemeji. Ulisema jikoni umewahi kufukuzwa mara moja, na unataka jiko ambalo ukisimama ndani yake kila mtu ajue ni lako. Shemeji akakutazama tumboni. Miaka mingapi mlikuwa mmeisubiri mimba ile, Dada? Mama alifunga na kuomba mpaka magoti yakaota sugu, ndugu wa mume wakaanza kunong'ona, na ilipoingia ukawa hutaki hata itajwe kwa sauti, isije ikasikia ikakimbia. Shemeji akauliza itakuwaje. Ukamjibu kwamba mtoto anakaa tumboni na mwiko unakaa mkononi, hawagombei nafasi.

Alicheka. Mwanamume yule alikuwa anacheka, Dada. Nakuandikia ili mtu mmoja akumbuke.

Walipokuja kuchagua watu wa kanda hii nilikusindikiza ukumbini. Wenzako walisimama mbele ya kamera kama wanapigwa picha za kitambulisho. Wewe ulimsalimia mpiga picha "Mbukwenyi!" kama umekutana naye njiani huku Ugogo, ukamuuliza kama amekula. Akasema bado. Ukasema basi hapigwi picha mtu hapa mpaka ale. Mtayarishaji, yule bwana mrefu, alikuwa ameinamia karatasi zake. Akainua kichwa.

Ukaenda Dar es Salaam na kitenge chako kipana juu ya tumbo. Mlirekodi mashindano yote huko huko, moja baada ya jingine, yaje yaonyeshwe baadaye wiki kwa wiki. Uliporudi miguu ilikuwa imevimba na uso unang'aa. Nikajua mashindano yamekwisha na jibu unalo. Mlikuwa mmeapishwa, kila mmoja, asitoe neno mpaka siku ya mwisho itakapoonyeshwa. Nilikubembeleza. Nilikupikia. Nilikukanda miguu huku nikikuuliza kwa kuvizia, umetoka wa ngapi, umelia, umepewa nini. Shemeji naye aliniambia hata chumbani hakuambulia kitu. "Subiri, Damari. Utaona mwenyewe." Ndivyo ulivyosema, ukafumba mdomo, na mabega yakawa yanacheka.

Ukataka kujifungulia kwa Mama, kijijini, ng'ambo ya Mvumi.

Sitaandika yote ya siku ile, ulikuwepo. Mtoto alitoka mzima, wa kiume, akapiga kelele ukatabasamu. Halafu damu. Manesi wa hospitali ya Mvumi walikimbia huku na huku, wakafanya kila walichokijua. Shemeji alitoa damu, nami nikatoa, ikawa kama kumwagia mchanga maji. Ulinishika mkono ukaniambia mtoto asiachwe kwenye baridi. Nikageuka kumfunika. Sikukawia, Dada, ni kugeuka na kurudi, na niliporudi ulikuwa unatazama dari, na uso wako haukuwa na swali lolote.

Tukakuzika. Matanga yakaanuliwa, watu wakarudi mashambani kwao. Mama akafunga nguo zake akaja na sisi Kikuyu kunisaidia kulea. Mtoto alikuwa analia kila jua linapozama, kama mtu aliyekumbuka kitu. Maziwa ya kopo aliyakataa, ya mbuzi akayatapika, tukarudi kwenye ya kopo, akaanza kuyanywa kidogo kidogo huku ananitazama usoni kwa mashaka. Katika kuhangaika huko hakuna aliyekumbuka habari ya televisheni.

Alhamisi ya kwanza ilitukuta hivyo hivyo. Jirani walikuwa wamejaa sebuleni, maana unajua mtaa mzima hutazama kwetu. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda na mtoto mapajani, chupa mdomoni. Wimbo ukapigwa. Halafu sauti yako: "Mbukwenyi!"

Ukatokea. Umevaa kitenge chako cha bluu, mzima, unapumua, unafuta mikono.

Mama Rehema wa nyumba ya pili akapiga kigelegele. Kilimtoka tu, maskini, na wengine wakampokea, sebule ikalipuka kwa furaha. Halafu kikakatika. Mama Rehema akajiziba mdomo kwa kanga. Watu wakawa wanakutazama wewe, kisha wananitazama mimi, hawajui waseme pole au waseme hongera. Na mimi nilikuwa namtazama aliye mapajani, halafu namtazama aliye tumboni mwako pale kwenye kioo, yule yule, na kichwa changu kikakataa kwenda mbele.

Shemeji Yona alisimama akatoka nje. Aliporudi kipindi kilikuwa kimekwisha na jirani wameondoka. Akauliza, "Amepita?"

Nikamwambia umepita.

Wiki iliyofuata alitoka kazini mapema, akaoga, akavaa shati alilolipiga pasi mwenyewe, akakaa kiti cha mbele. Ikawa hivyo kila Alhamisi. Alinyoa ndevu kwa ajili yako. Ukiongea, midomo yake ilikuwa inatembea. Ukichekesha, alicheka, halafu akakaa na kile kicheko usoni hajui akiweke wapi. Siku nyingine zote hakuwa mtu. Alikula akiwekewa, akinyimwa hakuuliza. Na mtoto hakumshika. Nikimpelekea anasema mikono yake michafu, ameshika grisi, ngoja anawe. Halafu haendi kunawa.

Mama yeye hakutaka kusikia. Jioni ya kwanza alikuwa jikoni, akasikia sauti yako, akaja mpaka mlangoni na ungo mkononi. Akakuona. Hakulia. Aliuliza kwa sauti ndogo kabisa, "Tumemzika. Nani kamfukua?" Nikajaribu kumweleza mambo ya kurekodi, kwamba ni picha ya zamani, imehifadhiwa kwenye mkanda. Akaniambia picha anaijua, anayo ya baba ukutani, na baba hajawahi kumsalimia. Tangu hapo kila Alhamisi alikaa jikoni ameupa ukuta mgongo. Lakini mlango aliuacha wazi, Dada. Nilimwona. Ulipokuwa unaeleza jinsi ya kukausha mlenda, kwamba umejifunza kwa mama yako na kwamba mama yako akikuona unauanika juani badala ya kivulini atakutandika, nilisikia kutoka jikoni, "Sawasawa." Akakujibu.

Nami je? Nitakuambia ukweli wangu. Nilikuwa naishi kwa ajili ya Alhamisi. Mtaani watu walikuwa wananiuliza, "Vipi, atashinda?" kama vile uko, kama vile umesafiri tu. Nami najibu, "Tumwombee." Nilikuwa najikuta kwenye maombi ya asubuhi nimepiga magoti namwomba Mungu mtu aliyekufa asitolewe mashindanoni. Ukipita, nilikuwa mwepesi mpaka Jumapili. Nilifundisha vizuri, nilimnyonyesha mtoto chupa nikimwimbia. Kwa sababu kama umepita, basi wiki ijayo unakuja.

Mkabaki wawili, wewe na Bi Zuhura wa Tanga, yule mama mweupe mnene mwenye sauti ya taratibu, ambaye kila jaji alimwita bingwa wa nazi.

Kabla Alhamisi ya mwisho haijafika, alikuja nyumbani.

Nilisikia hodi, nikafungua nikamkuta mlangoni na vumbi la safari, mkoba mmoja na kuku wawili amewashika miguu. Nilimjua mara moja, na yeye alinitazama akashika mlango, maana unajua tunavyofanana. Akamsalimia Mama shikamoo, akakataa kiti, akakaa mkekani karibu naye. Alilia kwanza, kwa utulivu, kama mtu anayemaliza kazi aliyoanza kwake. Akasema mlilala chumba kimoja Dar es Salaam muda wote wa kurekodi. Akasema ulikuwa unamwamsha asubuhi ashike tumbo, mtoto anapopiga teke.

Halafu akaeleza kilichomleta. Kituo kilimwita. Yule mtayarishaji mrefu alimwambia wamepata habari ya msiba, wamesikitika sana, lakini wana tatizo: mshindi hayupo, na kipindi lazima kianze, matangazo ya biashara yamekwisha kuuzwa. Wanamwomba arudi studio warekodi upya dakika za mwisho tu, pale jina linapotajwa, litajwe la kwake.

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni. Tulielewa wote kwa pamoja, Dada. Sebule yote ilielewa.

Ulikuwa umeshinda.

Bi Zuhura akasema, "Niliwakatalia. Nimewaambia mwiko alipewa Perusi, mimi nilikuwepo, nilimpigia makofi. Siwezi kwenda kupigiwa makofi mahali pale pale." Lakini akasema yeye ni mpishi tu, mkanda ni wao na mkasi ni wao, hajui watafanya nini. Na kuna jambo jingine lililomtoa Tanga. Baada ya kukataa hayo, walimwambia basi hata wasiporekodi upya, kipindi watampa yeye kwa kuwa ndiye wa pili. Hilo hakulijibu. Amekuja kuomba ruhusa. Tukisema hapana, atarudi kwake apike maandazi kama alivyokuwa.

Mimi, Dada, nilitaka aondoke. Nilitaka mtu yeyote asisimame pale uliposimama, na nilikuwa nimefungua mdomo. Mama akanitangulia. Akamuuliza Bi Zuhura ana watoto wangapi. Akajibu. Akamuuliza baba yao yuko wapi. Akasema alishafariki. Mama akasema, "Nenda ukapike, mwanangu. Ila ukifika hapo usimtaje wangu kila siku. Mtaje mara moja, basi, umwache apumzike." Kisha akanyanyuka akaenda kuchinja kuku.

Alhamisi ya mwisho tulikuwa tayari tangu mchana. Jirani walivaa kama wanakwenda harusini. Hata Mama alitoka jikoni, akakaa kwenye kigoda, akitazama ukuta wa televisheni kwa mara ya kwanza. Jua likazama, mtoto akaanza kilio chake, nikambembeleza. Tukawasha.

Umeme ukakatika.

Mgao. Mwaka huu ni wa mgao, na zamu ya Kikuyu ilikuwa kesho yake, lakini nani anawauliza watu wa umeme kwa nini. Watu walibaki gizani. Nikasikia Shemeji anapumua. Halafu akasema mjini kuna baa yenye jenereta, akatoka mbio. Nikamfuata na mtoto mgongoni, Mama nyuma yangu ameshika kandambili mkononi, na nyuma ya Mama mtaa mzima. Upepo ulikuwa unavuma wa baridi ile ya Julai inayochoma masikio. Tulikimbia. Mama yako hajawahi kuingia baa tangu azaliwe, na aliingia ile akiwa peku, akavuta kiti cha plastiki katikati ya chupa za bia akakaa.

Pale walikuwa wanatazama mieleka. Baa imejaa wanaume. Shemeji akaenda mbele, akasimama kando ya televisheni, akawaambia anaomba wabadilishe stesheni kwa muda mfupi, mke wake yumo kwenye kipindi kinachoendelea.

Mmoja akamwambia bila kumtazama, "Si utamwona kesho, bwana?"

"Kesho hayupo."

"Amesafiri?"

"Amefariki," Shemeji akasema.

Hakuna aliyenyanyua chupa. Mwenye baa, mama mmoja mwenye kilemba, akaweka trei chini, akaja akabadilisha mwenyewe.

Tulikuwa tumechelewa. Sikuona ulivyopika siku ile. Nilikuta majaji wanakula, ugali wa uwele na mlenda wako wa karanga, na mmoja wao anafuta bakuli kwa kidole. Bi Zuhura amesimama pembeni yako amekushika mkono. Dereva mmoja nyuma yangu akasema, "Huyu si yule mama wa turubai?" na mwenzake akamjibu kwamba ndiye, amekula kwake. Halafu mtangazaji akafungua bahasha. Moyo wangu ulikuwa unapiga mpaka mtoto mgongoni akaamka. Sasa ndipo tungejua kama wametumia mkasi.

Akasema, "Perusi wa Dodoma."

Hawakukata, Dada. Wameonyesha kama ilivyokuwa. Baa ikapasuka, wanaume wakagonga meza, Mama Rehema akapiga kile kigelegele chake na safari hii hakukiziba. Ukakabidhiwa mwiko mkubwa wa mninga, ukaupokea kwa mikono miwili ukapiga goti kidogo kama unapokea kwa mkwe. Mtangazaji akakuuliza, sasa mshindi, kipindi chako cha kwanza utatupikia nini?

Ukacheka. Ukaulaza mwiko juu ya tumbo. Maneno yako nimeyashika yote, nayaandika hapa kama ulivyoyasema:

"Msiniulize ya kipindi kwanza. Kwanza nakwenda nyumbani kujifungua. Nina mgeni nimemsubiri miaka mingi, siwezi kumpita mlangoni kwa ajili yenu. Mkiona kimya, mjue nanyonyesha. Nikimaliza, nitarudi."

Ukatupungia mkono.

Picha ikasimama. Yakaja maandishi, kwamba mshindi wetu alifariki dunia baada ya kurekodiwa kwa kipindi hiki, na kituo kinatoa pole kwa familia. Hayakukaa hata nikayasoma vizuri. Likaja tangazo la sabuni, mwanamke anafua mashati meupe anaimba.

Mama alikuwa bado ameutazama mkono wako mahali ulipokuwa. Akasema, "Kaaga." Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia analia tangu tukuzike. Wale wanaume walisimama mmoja mmoja wakavua kofia wakaja kutupa mkono wa pole, ndani ya baa, kama matanga yameanza upya. Na ndivyo yalivyokuwa. Mara ya kwanza ulipokufa tulikuwa na Alhamisi mbele yetu na hatukujua. Safari hii hakuna kitu mbele.

Shemeji alipanda basi kwenda Dar es Salaam kuuomba ule mkanda. Alitaka mkanda tu, hata wa siku moja, mtoto akikua amwone mama yake anavyotembea. Walimpokea vizuri, wakampa soda. Wakamwambia mikanda ni ghali, kipindi kikishaonyeshwa hurekodiwa kingine juu yake. Juu yako wamerekodi mashindano ya muziki wa dansi. Alirudi akanieleza akiwa amesimama, akaingia chumbani, na mpaka leo sijui kama ametoka. Mwili unatoka. Kazini wamemwonya. Shati halipigwi pasi tena.

Kipindi cha Bi Zuhura kimeanza siku nyingine ya wiki. Mama Rehema ameniambia alikutaja mara moja tu, kama alivyoambiwa, akaanza kukuna nazi. Mimi sijakitazama. Sina chuki naye. Siwezi tu.

Nimechoka, Dada. Wengine wananiambia wakati ni dawa, na wakati ndio unaoniua, kila siku moja inakusogeza mbali, na sauti yako, ambayo juzi tu niliisikia, nikijaribu kuikumbuka naanza kusikia yangu. Likizo yangu imekwisha. Asubuhi naenda Msalato nafundisha watoto wa watu kuhesabu, nikigeukia ubao nakaa nimeugeukia. Mama anataka kurudi shambani kabla mvua hazijaanza na anaogopa kuniacha. Nami namwambia nenda, halafu namshika nguo.

Na mtoto bado hana jina. Haki ya kumpa jina ni ya baba yake, na baba yake hasemi. Ndugu zake walikuja juzi, wakakaa sebuleni wakaongea kama mimi sipo. Shangazi mtu akasema wapo watoto wanaokuja kwa kubadilishana. Nilisubiri Shemeji amkatishe. Shemeji akaangalia televisheni, imezimwa, akasema taratibu, "Kama si huyu, angekuwa hewani sasa hivi."

Mtoto alikuwa mgongoni kwangu. Alikuwa macho.

Sikuwa na neno. Kalamu sikuwa nayo. Nilitoka nikaenda kusimama uani kwenye mafiga yako mpaka wakaondoka. Lakini nimekaa na maneno yale tangu siku ile, na leo nimekumbuka ulichokisema mwenyewe, na jinsi Shemeji alivyokisikia kama mimi lakini akashika lile neno la mwisho tu, la kurudi, akaliacha la kwanza.

Hukumnyonyesha hata mara moja. Na hurudi. Hayo mawili siwezi kuyafanya yawe mengine, hata nikiandika mpaka karatasi ziishe. Siwezi kukuahidi kwamba nitakuwa sawa, wala kwamba Shemeji atakuwa sawa. Ninachokuahidi ni hiki. Kesho akiamka nitampelekea mwanawe, akisema mikono michafu nitamwekea beseni la maji mbele yake. Nitamwomba jina. Asipotoa, nitatoa mimi, na Mama atakuwa shahidi. Na mtu yeyote atakayemwambia mtoto huyu kwamba alikuja kwa kubadilishana, awe shangazi, awe baba, atanikuta nina mdomo.

Mkanda sina. Lakini nilikuwepo kwenye ile baa. Atakapofika umri wa kuuliza, nitamkalisha nimwambie kwamba siku mama yake alipopewa alichokitaka kuliko vyote, akaulizwa mbele ya nchi nzima ataanza na nini, alimtaja yeye.

Pumzika, Dada. Sitakusubiri tena Alhamisi.

Mdogo wako,
Damari